Kujitolea Shule za Vijijini Kando ya Msitu wa Shimba: Maswali Tunayoulizwa Sana na Watu wa Mombasa

Sisi ni kundi dogo la wakazi wa Mombasa. Yumo mama mstaafu kutoka Tudor, fundi cherehani wa Majengo, dereva wa tuktuk wa Likoni, wanafunzi wawili wa chuo kikuu na wengine wachache. Mara mbili kwa mwezi, shule zikiwa zimefunguliwa, tunavuka feri kwenda kusoma na watoto katika shule mbili za msingi zilizo vijijini, kando ya msitu wa mvua wa Shimba, kaunti ya Kwale. Shule zenyewe hatuzitaji majina hapa, kwa ajili ya watoto. Maswali haya hutufikia kwa simu, msikitini, kanisani na hata kwenye foleni ya feri, basi nimeyajibu yote mahali pamoja.

Shimba si mbuga ya wanyama? Huo msitu wa mvua uko wapi?

Ni hapo hapo. Hifadhi ya Shimba ilitangazwa rasmi mwaka 1968, na ukitoa Arabuko-Sokoke ya Kilifi, huu ni miongoni mwa misitu mikubwa ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Vilima vyake vinapanda zaidi ya mita 400 juu ya bahari. Upepo unaotoka baharini ukivipanda hupoa, ukawa ukungu na mvua, ndiyo maana ukifika asubuhi unakuta majani yanadondoka maji ilhali Likoni umeacha jua linachoma. Ndimo anamoishi palahala, yule paa mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, na kwa Kenya nzima hapatikani porini kwingine.

Msitu huu pia si wa watu wa Kwale peke yao. Chemchemi za Marere zilizo ndani yake ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya Mombasa. Mtoto anayekaa kando ya msitu huu ni jirani yetu hata kama hatujawahi kupiga hodi kwao.

Vijiji vinavyouzunguka ni vya Wadigo na Waduruma, na upande wa mashamba ya makazi utawakuta pia Wakamba waliohamia zamani. Watu wanalima mahindi, muhogo, minazi, mikorosho na mrangi, yaani bixa, ule mti wa mbegu za rangi nyekundu.

Mimi si mwalimu. Nitafanya nini huko?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu, na jibu lake linaanzia kwenye sheria. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya mwaka 2012 hairuhusu mtu asiyesajiliwa na TSC kufanya kazi ya ualimu. Kwa hiyo huendi kushika darasa, na hata mwalimu akichoka akakuomba umshikie, jibu ni hapana kwa adabu. Unakwenda kumsaidia. Yeye ndiye anayejua mtoto gani amekwama wapi, wewe unampa kile ambacho yeye hana, nacho ni muda wa kukaa na mtoto mmoja mmoja.

Nieleze kwa mfano. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa chini ya mwembe na msichana wa Gredi ya 3. Alifungua kitabu akausoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti nzuri, akipandisha na kushusha kama wanavyosoma darasani kwa pamoja. Nikafurahi. Kisha nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati kwa ncha ya penseli, nikamwambia, "Hili?" Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine. Akaanza tena ukurasa kutoka juu, kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, mpaka alipofikia pale penseli ilipo, ndipo akalitaja. Alikuwa ameuhifadhi ukurasa wote kwa kichwa. Kati ya watoto wengi wa darasa moja, wakiitikia pamoja, mwalimu angemjuaje? Mtoto mwenye akili ya kuhifadhi namna ile hana tatizo la akili. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye dakika ishirini.

Tulirudi naye kwenye silabi. Ba, be, bi, bo, bu. Ma, me, mi, mo, mu. Kiswahili kina neema hiyo, kwamba kinaandikwa kinavyotamkwa, na mtoto akishazishika silabi hakuna neno litakalomshinda kwa muda mrefu. Muhula wa pili ulipokuwa unakaribia kwisha alisoma maandishi ya kwenye pakiti ya unga wa mahindi, yote, pamoja na uzito wake.

Basi kazi yako ni hiyo. Watoto wanne au watano, wale wale kila ukija, ukikaa na kila mmoja kwa zamu, na daftari la kuandika alipofika. Wapo pia wanaosaidia maktaba, hesabu, kushona sare zilizochanika (fundi wetu wa Majengo hubeba cherehani ya mkono), au klabu ya mazingira. Lakini kusoma ndiko kunakohitaji watu zaidi.

Nitumie lugha gani? Kidigo sikijui.

Tumia Kiswahili chako, ila usikitumie kama fimbo. Mtaala wa sasa wenyewe unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na watoto wengi hapa wanafika shuleni lugha ya nyumbani ikiwa Kidigo au Kiduruma.

Kuna kosa moja ambalo watu wa mjini hulifanya, nami nililifanya. Mtoto anaona picha ya mtungi, chini yake imeandikwa "maji", naye anasema "madzi". Mjini tunakimbilia kusema "hapana". Kumbe mtoto ameelewa kabisa. Lugha za Kimijikenda, Kidigo na Kiduruma zikiwemo, hutumia "dz" mahali pengi ambapo Kiswahili kina "j". Maji ni madzi, jua ni dzuwa, jina ni dzina. Ukishalijua hilo, unamwambia, "Naam, nyumbani ni madzi, na kitabuni tunaandika maji. Tuangalie herufi hii." Mtoto anabaki na lugha zote mbili na heshima yake. Mtoto anayeambiwa "hapana" mara tatu asubuhi moja hafungui tena mdomo siku hiyo.

Mwombe mwalimu akufundishe salamu za kijijini kwenye mapumziko. Utazitamka vibaya, watoto watacheka, na ni vizuri wakuone wewe pia unajifunza.

Nina siku mbili tu za likizo. Naweza kuja?

Kukaa na watoto darasani, hapana. Najua jibu hili linaudhi, na tumewapoteza watu wazuri kwa sababu yake, lakini hatulilegezi.

Mgeni wa siku moja huwapa watoto siku nzuri, kisha huwaachia pengo. Masomo yanasimama ili aimbiwe nyimbo, walimu wanaandaa chai, mtoto mmoja anaambiwa "nitarudi", na jioni gari linateremka kurudi mjini. Mtoto halisahau lile neno. Nimeona mvulana akisimama langoni Alhamisi zetu nne mfululizo akimngojea mtu aliyemwahidi mpira. Mtu huyo hakuwa na ubaya wowote. Alisema tu maneno ambayo sisi watu wazima husemezana tukiagana.

Tunachoomba ni siku mbili kwa mwezi kwa mihula mitatu, yaani kuanzia Januari hadi shule zifungwe mwisho wa mwaka. Ukihesabu likizo za Aprili na Agosti, hazifiki siku ishirini. Ni kidogo kwako, lakini kwa mtoto ambaye mtu yule yule amerudi kwake mara kumi na kitu akikumbuka alipoishia, ni kitu kikubwa sana.

Kama kweli una siku mbili tu, ziko kazi zisizohitaji mtoto akuzoee. Kuna kuweka majalada vitabu, kupaka rangi ubao, kutengeneza madawati, kupanga maktaba. Kazi hizo hufanywa likizo, na tunazihitaji.

Ni siku zipi hasa?

Alhamisi moja wakati wa masomo, na Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa, na hatushindani na madrasa. Ijumaa tunaiacha. Mwezi wa Ramadhani tunakwenda Alhamisi pekee na kumaliza mapema.

Nahitaji makaratasi gani?

Kitambulisho, wadhamini wawili wanaokufahamu, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Cheti hicho hatumsamehe mtu yeyote, awe sheikh, mchungaji au shangazi yangu. Baada ya hapo unakutana na mwalimu mkuu, naye anaipelekea habari bodi ya shule. Wao ndio wanaokubali au kukataa, na wakikataa hatuwaulizi mara mbili.

Naweza kuwaletea watoto zawadi?

Usimpe mtoto kitu mkononi. Chochote unacholeta kinapita kwa mwalimu mkuu, na kabla hujakinunua uliza.

Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja tulichangisha vitabu mjini, tukajaza maboksi kumi na mawili, tukakodi gari. Tulipoyafungua shuleni, vitabu vingi vilikuwa vya mtaala wa zamani, na vingine hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji, kwa Kiingereza kigumu. Walimu walitushukuru kwa upole. Mwezi uliofuata nikayakuta maboksi yamepangwa nyuma ya darasa la chekechea, mchwa wameshaanza kazi. Darasa lenyewe dogo, na sisi tulikuwa tumelipunguzia nafasi. Tungeuliza, tungeambiwa kwamba vitabu vya kiada serikali inavileta, na kinachokosekana ni hadithi fupi za Kiswahili za kusoma kwa raha, penseli, na kabati yenye kufuli.

Kinachotakiwa hubadilika. Muhula uliopita kilikuwa tangi la maji ya mvua. Sodo hutakiwa wakati wote, kwa sababu kuna wasichana wanaokosa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa tu kitu hicho. Ukitaka kumlipia mtoto karo ya sekondari, zungumza na shule na mzazi, na ujue ni ahadi ya miaka. Usianze kitu utakachokikatiza njiani.

Nafikaje?

Ukivuka kwa miguu, feri ya Likoni ni bure. Ng'ambo unapanda matatu ya Kwale, inayopitia Ng'ombeni hadi Kombani na kuacha barabara ya Diani hapo, ikaanza kupanda kilima. Kutoka mjini Kwale unachukua bodaboda. Wanaokaa Miritini, Mikindani na Changamwe siku hizi hupitia Dongo Kundu, wakatokea Kibundani bila kuiona feri. Siku ya Alhamisi sisi wengine hukutana Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari halimsubiri mtu, kwa kuwa watoto wanajua tunafika saa ngapi.

Wakati wa masika ule udongo mwekundu wa njia za ndani hugeuka sabuni, na bodaboda nyingi hukataa kwenda. Tunatembea. Beba viatu vya pili kwenye mfuko usiopitisha maji, na usije na viatu vyeupe.

Na ndovu?

Wapo. Mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba kupelekwa Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi na kuwasumbua watu. Kuna ua wa umeme, lakini ua huharibika, na ndovu akitaka mahindi hupata njia. Wenyeji hawaichukulii habari hii kama hadithi ya watalii. Kuna asubuhi watoto hufika shule saa tatu kwa sababu walizuiwa nyumbani mpaka njia ikaguliwe, na mwalimu wa zamu hawaadhibu kwa hilo. Shamba la mzazi likiliwa usiku mmoja, muhula ule mtoto atakuja bila chakula, pengine hatakuja kabisa. Ukiona mtoto amesinzia darasani, kabla hujasema ni mvivu, uliza kama usiku walikesha wakipiga madebe.

Kwa upande wako, usitembee njia za msituni kabla ya mapambazuko wala baada ya magharibi. Ukimwona ndovu, simama, rudi nyuma polepole, usipige picha. Mfuate mwenyeji afanyavyo.

Maradhi je?

Malaria ni ile ile ya pwani yote. Ukilala huko, lala ndani ya neti, na ukipata homa wiki zinazofuata nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Maji beba yako. Kuna funza, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika vidole, na mtoto mwenye funza usimcheke wala usimchokoe kwa pini. Mwambie mwalimu, atamwita mhudumu wa afya wa kijiji.

Nivae nini, na nani namwita vipi?

Nguo ya heshima. Mwanamke, dera au sketi ndefu, na leso begani inafaa kwa mambo mengi. Mwanamume, suruali ndefu. Walimu wote ni "Mwalimu", hata aliye mdogo kwako. Wazee wa kijiji unawaamkia kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Watoto watakupa shikamoo, nawe usiwe na haraka ya kuikimbilia simu kabla ya kuitikia marahaba.

Naweza kupiga picha niweke mtandaoni?

Za watoto, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kwa habari za mtoto, na mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Lakini hata kusingekuwa na sheria, jiulize kama ungependa mwanao aonekane na watu elfu tatu akiwa na sare iliyotatuka, chini yake pameandikwa jinsi alivyo maskini. Piga picha ya msitu. Ni mzuri sana baada ya mvua.

Mtoto akiniambia jambo zito la nyumbani kwao?

Itatokea, hasa ukishazoeleka. Msikilize mpaka amalize, usimkatize, usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo, wala usianze kumhoji. Siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari, mweleze mwalimu aliyeteuliwa na shule kwa mambo ya watoto na kiongozi wetu wa siku. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo na iko wazi usiku na mchana. Usiende kwa mzazi peke yako. Usilizungumze kwenye matatu.

Na sharti letu la kudumu ni kwamba hukai na mtoto mahali pasipoonekana. Ndiyo maana tunasomea chini ya mwembe. Viboko pia havipo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imevikataza, na ukimwona mtu mzima yeyote akimchapa mtoto, tueleze.

Rafiki yangu wa Ujerumani anakuja likizo, naye anataka kujitolea.

Aje akusalimie, aogelee, ale viazi karai. Lakini ruhusa ya kuingia nchini kama mtalii haimpi haki ya kufanya kazi, hata kazi isiyo na mshahara. Anahitaji kibali cha idara ya uhamiaji, na pia sharti la mihula mitatu linamhusu kama linavyokuhusu wewe.

Kuna posho?

Hakuna. Nauli unajilipia, na wasioweza tunawachangia kimyakimya. Chakula cha mchana tunachangia pamoja na walimu, mara nyingi ni sima na mchicha au pure.

Msitu wenyewe unaingia wapi katika masomo?

Kila mahali, na hapa ndipo nilipojifunza mimi kuliko nilivyofundisha. Mwanzoni tulikuja na kadi za picha kutoka mjini zenye treni, friji, taa za barabarani. Kisha mwalimu mmoja wa Gredi ya 2 akawatuma watoto wake wakaokote majani kumi tofauti njiani wakija shule. Wakayapanga sakafuni, na kila mtoto akasimama kuliita jani lake na kueleza kazi yake. Hili la kufukuza siafu, hili bibi huchemsha tumbo likiuma, hili usiliguse. Mvulana ambaye hakuwa amewahi kusema neno mbele yetu alieleza majani sita. Mwalimu akayaandika majina ubaoni, nao wakayasoma, kwa sababu walishayajua. Siku ile tukazirudisha kadi zetu mfukoni.

Sasa klabu ya mazingira ina kitalu cha miche ya asili nyuma ya jikoni. Watoto wanapima urefu wa mche kila wiki na kuandika, na hiyo ni hesabu. Wanaandika ni nani aliyemwagilia, na huko ni kuandika. Mara moja kwa mwaka mzee wa kaya huja kuwaeleza habari za makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Katika misitu hiyo hukati mti, huokoti kuni wala huingii ovyo. Watoto humuuliza maswali magumu, kwa mfano kwa nini mkaa unauzwa barabarani ikiwa miti ni mitakatifu. Mzee hawakwepi. Akija, sisi watu wa mjini tunakaa kwenye mkeka pamoja na watoto, tunasikiliza.

Nikilazimika kuacha katikati?

Watu wanahama kazi, wanajifungua, wanaugua. Tuambie mapema, wiki nne ukiweza, na uje mara moja zaidi. Usitoweke. Mweleze kila mtoto wako kwa maneno mepesi kwamba leo ni mara ya mwisho, na kwamba huondoki kwa sababu yake. Kisha mkalishe pamoja na mtu atakayekurithi, umkabidhi lile daftari mbele ya mtoto, na umwache mtoto mwenyewe aonyeshe kwa kidole ukurasa mlipoishia.